Chupa ya Arobaini na Moja

Nimeandika namba kwa wino mweusi,
tarehe, herufi mbili za jina langu.
Dirishani, Loleza umejifunika ukungu hadi shingoni
kama mgonjwa asiyetaka kujuliwa hali.

Tulikutoa kwenye bandama la jike mmoja wa Isongole
mwaka ule mama alipozika kumi na wanane kwa siku tisa.
Masikio yao yaliiva zambarau.
Mama hakulia. Alihesabu:
ada ya Lusekelo muhula wa pili,
mabati ishirini,
mkopo wa kikoba, na riba yake.
Kisha akamwaga chokaa shimoni kwa ungo wa kupepetea mchele,
akauacha hukohuko.

Kirusi, sikuchukii.
Humu haingii mtu na chuki yake;
huingia aliyevua viatu, akanawa hadi viwiko.
Nakutandikia seli chini ya chupa, mkeka usio na tundu,
katika maji ya rangi ya waridi.
Unakula. Siku ya nne mkeka umetoboka,
nachota tone, nakuhamishia chupa nyingine.
Ndiyo kazi yote.
Majirani wanadhani tuna mitambo inayonguruma.
Kinachonguruma ni jenereta tu, umeme ukikatika saa nane usiku,
nami nimekodolea macho kipimajoto
kama mama mwenye mtoto wa homa.

Nataka usahau.
Usahau damu ya nguruwe, joto lake,
ile njia ya gizani ya kwenda kwenye bandama.
Ukae kwenye chupa hadi chupa iwe ndiyo kwenu.
Najua inawezekana.
Mimi nilihamishwa Tukuyu, nikapelekwa Iringa, nikapelekwa Morogoro,
na kila bweni lilinidondoshea maneno kadhaa ya Kinyakyusa.
Krismasi iliyopita mama alitaja chombo cha kulishia nguruwe,
nikaitikia kwa kichwa, nikaenda,
nikarudi na jembe.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini usisahau yote.
Kisu kisahau; sura ibaki nayo,
ili mwili ukikuona useme: huyu namjua,
na siku mwizi mwenyewe akija, akute taa zinawaka.

Hapo ndipo tunapokwama.
Chupa ya ishirini ulikuwa bado na kisu.
Siku ya sita, kwenye banda la majaribio,
dume mwenye baka mgongoni alisusa pumba,
na Kalinga, ambaye hujigamba hana huruma na takwimu,
alisimama mlangoni akiizungusha kofia mikononi.
Chupa ya sitini ulikuwa mpole kupita kiasi.
Nguruwe walinenepa, wakasukumana kwenye maji, tukapongezana.
Tulipowaletea ugonjwa wenyewe
walikufa kama ambao hatukuwahi kuwagusa.
Miili yao haikukumbuka kwamba mtu alipita.

Basi tumerudi kwenye friza.
Tumekuamsha wewe wa arobaini, ungali na barafu,
na leo ni hatua moja mbele.
Mahali fulani kati ya ukali na upole pana uzi.
Sijui umefungwa kwenye chupa ya ngapi,
au kama umefungwa.

Jana mama alipiga simu.
Amenunua vitoto viwili vya nguruwe, bila chanjo, bila kuniuliza.
Banda amelijengea uzio, na mlangoni ameweka ndoo ya dawa ya viatu,
hata mchungaji wa kanisa ameambiwa akanyage kwanza.
"Hiyo chanjo yenu imefika wapi?"
Nikamwambia: bado inajifunza kusahau.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia mvua kwenye mabati yale.
"Wewe ilikuchukua miaka mingapi?" akauliza.
Kisha, kabla sijajibu,
akaanza habari za bei ya pumba.