Saa ya Redio ya Nne

Waliniita Shimanzi asubuhi, mahamri bado ya moto mkononi,
yadi ya makontena nyuma ya matangi ya mafuta.
Msimamizi Swabir alikuwa na neno lake tayari: uvivu.
Mwachiru, karani wa zamu ya usiku,
hulala kati ya saa nane na saa tisa;
skana yake hunyamaza, malori hupanga foleni,
na mshahara umeshakatwa mara mbili.
"Mtambo hauna kosa," akasema. "Nimeutazama mwenyewe."

Nikafungua kurasa za redio ya nne.

Kwanza ujue kusoma hasi.
Huku kila mtu ana deni, hakuna mwenye akiba.
Hasi hamsini na nane anadaiwa kidogo,
huingia dukani akisema kwa sauti.
Hasi themanini na moja hupita akiambaa ukuta.
Na kelele, hiyo twaiombea ufukara:
hasi tisini na tano, izame huko huko.
Neno huishi kati ya sauti na kelele.
Ukinipa namba moja peke yake
umenitajia bei bila kunionyesha bidhaa.

Halafu kurudia.
Redio ina adabu: ikisema, hungoja kuitikiwa.
Hodi. Pasipo karibu, hupiga hodi tena,
mara saba, kisha hulitupa neno, ikashika jingine.
Kumi katika mia si kitu, ndio mji, watu hawasikii vizuri.
Sitini na nne katika mia
ni mtu anayebisha mpaka vidole vinachubuka,
na nyinyi mlio ndani mwasema: mbona kimya?

Swabir akaweka kidole juu ya kioo.
02:10. Kurudia, sita katika mia. Sauti safi.
"Waona? Redio ilikuwa macho. Aliyelala ni mtu."

Nikatazama pembeni, yale maandishi madogo
yasiyosomwa na yeyote.
Saa ya mtambo haikutiwa na mtu wa Mombasa.
Imeachwa ilivyotoka kiwandani,
nyuma yetu kwa saa tatu kamili.
Saa nane na dakika kumi ya Mwachiru
imeandikwa 23:10, tena tarehe ya jana.
Mlichokisoma ni saa kumi na moja alfajiri,
wakati yadi imekwisha kupumua.

Nikapanda mistari mia na themanini, mmoja kila dakika.
Hapa. Skana, hasi hamsini na nane;
mistari miwili mbele, hasi themanini na moja.
Kurudia sitini na nne. Kasi ya kutambaa.
Kelele? Tisini na tano, haikujongea hata nukta.
Chaneli? Imetumika robo tu.
Basi hakuna aliyepiga makelele, wala msongamano.
Kuna kitu kimesimama katikati.

"Makasha matupu," ikasema sauti mlangoni.
Kumbe Mwachiru hakwenda nyumbani, angali na fulana yake ya kumeremeta.
"Kreni huyaleta saa nane, matano kwenda juu,
mbele ya kibanda changu. Garimoshi huyachukua kabla hakujapambazuka."
"Na hukusema?"
"Nilisema."
Akanyamaza kidogo.
"Nikarudia."

Swabir akaona kuna simu anayopaswa kuipokea nje.

Nikaisogeza saa. Nikaandika ripoti:
redio ya tano, upande wa reli, juu ya mlingoti wa taa.
Kuhusu mshahara sikuandika; fomu yangu haina safu hiyo,
na jambo hilo lilinikera hadi Makupa, na bado.

Mwachiru aliomba ukurasa ule wa 23:10.
Akaukunja mara nne, akautia nyuma ya kitambulisho,
kisha akautoa tena.
"Fundi, mimi hapa nimeandikwa wapi?"
Nikamwonyesha: sitini na nne.
"Maana yake?"
"Kwamba ulikuwa ukibisha hodi."