Kanuni ya Saba

Ijumaa umeme ukikatika Walukuba
(nasi na bwawa la umeme ni pua na mdomo)
Kagoya hulaani kidogo, kwa adabu,
huwasha mshumaa, hutandaza mchezo wake
aliouchora nyuma ya kalenda ya kiwanda kilichokufa.

Kwa mbali utadhani ni ludo:
dadu moja, vizibo vinne vya soda, njia ya kuzunguka.
Sogea, usome.
Nafasi ya kwanza: KARIBU, KAA.
Ya pili: UMEKALIA KITI CHA MTU.
Ya tano: KARANI KAENDA CHAI.
Ya sita: KARANI KARUDI. CHAI YAKE UNAYO WEWE.
Ya kumi na moja pana picha ya faili lenye miguu,
linakimbia.
Ukilikanyaga unarudi nyuma
hadi mwaka uliozaliwa.

Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masijala.
Anajua anachochora.

Karata zimekatwa kwenye boksi la sabuni.
Amisi Doka alivuta ya kwanza, akaisoma kwa sauti ya redio:
Mjomba wako amefariki. Kamati ya mazishi imeshamla ng'ombe.
Changia ng'ombe wa pili, marehemu naye aonekane alikuwa na watu.
Nabirye: Daraja la kijiji chenu limezinduliwa. Piga makofi.
Mto utaletwa awamu ya pili.
Na mimi: Hongera, umekuwa mfanyakazi hewa.
Pokea mishahara mitatu. Usipumue.

Tulicheka hadi mshumaa ukazimika.
Gizani tukasikia mtu mmoja hacheki.

Oketcho, fundi wa mitambo ya kufuma,
anadai kiinua mgongo tangu mitambo iuzwe kwa kilo.
Tulipowasha tena, kidole chake kilikuwa juu ya nafasi ya tisa.
"Hapa umekosea, Kagoya.
Barua ya mwenyekiti huja kwanza.
Ukiipata, ndipo picha zako zinakuwa za zamani."
Kagoya akachukua kalamu, akasahihisha.
Oketcho akatupa dadu, akapata moja,
akaitukana kwa Kidhopadhola, kwa kirefu,
na hapo ndipo alipocheka, peke yake,
njugu zikimtoka mdomoni.

Kanuni ya saba tuliigombania usiku kucha.
Aliyekufa ataendelea kucheza
hadi afike mwenyewe, na barua,
kuthibitisha kwamba amekufa.
"Kanuni gani hii?" alifoka Amisi.
"Sikuitunga," alisema Kagoya. "Niliinakili."

Tulimpeleka Tororo Jumamosi moja ya mvua.
Ng'ombe alikuwa mmoja, akatosha.
Na kamati, ambayo ni sisi,
ilisubiri. Nataka hilo liandikwe mahali.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikuwepo.
Kagoya akauzima.

Kizibo chake chekundu kilikuwa pale alipokiacha,
hatua kumi na nane kutoka DIRISHA LA MALIPO.
Nabirye, mkamwana wake, akamtupia dadu.
Sita.
Akatupa tena. Sita.
Amisi akashika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya ngazi.
Sita.

Kumi na nane kamili.
Lakini ludo ni ludo, hata ukiichora upya:
sita tatu zinaungua, zamu inapita.
Tulijua wote. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua.
"Tumwibie," alinong'ona Nabirye. "Nani ataona?"
Kagoya akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akakirudisha kizibo kilipokuwa.
Karani ni karani.

Ndipo simu ya marehemu, mkobani mwa Nabirye, ikatetemeka.
Akausoma ujumbe mara mbili kimya, ya tatu kwa sauti:
Oketcho afike mwenyewe, kabla ya Ijumaa,
na picha mbili za karibuni,
athibitishe yu hai.

"Hiyo," alisema Amisi, "ni karata ya nani?"

Kagoya alinyoosha mkono bila kututazama.
Tukampa mkasi,
na boksi la sabuni.