Tramu Haipiti Hapa

Saa kumi alfajiri macho yananifumbuka.
Mwili haujapata habari kwamba nimestaafu.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu namba saba
mjini Riga, nikikata giza
na waoka mikate, wafagiaji, walevi wa mwisho,
na hadi leo mguu unapapasa breki chini ya blanketi.
Zigurds anakoroma. Ni kiziwi wa sikio la kulia,
kwa hiyo hulilalia la kushoto,
na dunia nzima inamwishia hapo mpaka kuche.

Nje, tufaa limeanguka juu ya bati la banda.
Du.
Kimya kirefu. Kisha du, du, mawili kwa mpigo,
kama abiria waliochelewa wakigonga mlango.
Simfungulii mtu.
Nageukia ukutani. Hiyo nayo ni pensheni.

Korongo waliondoka wiki ya mwisho ya Agosti.
Hawakuaga. Jioni walikuwa juu ya nguzo ya umeme
wakigonganisha midomo kama makarani wanaohesabu sarafu;
asubuhi, kiota ni kapu la vijiti na upepo.
Velta, jirani yetu wa asali, anasema huenda hadi Afrika,
na huko, anasema, yupo mtu atakayeinua uso shambani
aseme: Haya, wamerudi.
Wamerudi!
Nilisimama na chupa ya asali mkononi, nisijue la kujibu.
Kituo cha mwisho cha huyu ni cha kwanza cha yule:
mimi niliyegeuza tramu pale mwisho wa reli
mara zisizo na idadi
nilingoja nifike miaka sabini na mbili ndipo nilione.

Mchana jua ni la kuazima. Tunalitumia kwa adabu,
tumeketi na migongo yetu ukutani, mikono magotini.
Ukihamia kivulini, vidole vinakuambia mwezi.
Ng'ambo ya barabara Gunārs anachimbua viazi kwa trekta,
na kunguru wanamfuata mtaro kwa mtaro,
wameinamisha shingo, wazito kama wakaguzi wa tikiti.
Miti ya gome jeupe imeanza kumwaga majani,
si mengi, machache tu, ya kujaribia.

Napajua mahali penye uyoga wa manjano,
nyuma ya kinamasi, karibu na jiwe lililopasuka.
Velta sijamwambia. Hata Zigurds.
Nimeishi bila siri nyingi; hii naitunza.
Labda nitamwambia Inguna. Labda.

Yeye hupiga simu Jumapili kutoka Ireland.
“Mama, mnafanya nini huko siku nzima?”
Nikatazama vidole vyangu, vyeusi kwa uyoga.
Nikataka kumweleza buibui wa dirisha la jikoni,
jinsi ukungu ulivyomhesabia nyuzi zake zote
na yeye akakaa katikati, hana haraka, hana zamu.
Nikasema, “Hatufanyi kitu, mwanangu.”
Ukweli ulikuwa mdogo mno, ungepotea njiani.

Leo tumepanga kuni.
Zigurds anapasua, mimi nabeba.
Kuni mbichi hazina haraka: miaka miwili ndipo zishike moto vizuri.
Rundo likifika kifuani, anatoa chaki mfukoni
na kuandika ubavuni mwaka wa kuzichoma.
Leo ameandika mwaka
ambao daktari, mwezi Juni, hakuutaja.
Ameuandika kwa tarakimu kubwa, kama namba ya tramu,
akapuliza vumbi la chaki, akarudi kwenye shoka.

Nilizunguka nikasimama upande wake wa kulia.
Nikauliza, polepole, kwa sauti yangu ya kawaida,
“Tutakuwepo?”

Tufaa moja likaanguka.
Akanyoosha mkono bila kugeuka.
“Nipe hilo,” akasema, “lenye fundo.”