Kopo la Maziwa, Mabela

Mrehani wa mama umeota katika kopo la maziwa ya unga,
kibarazani Mabela, chini ya mashine ya baridi
inayodondosha maji tone tone: ndiyo mvua yake.

Mwezi wa saba, jua la kupasua mawe,
nilipokohoa kwa baridi ya ofisini
alichuma majani saba (si sita, si nane),
akachemsha kwa tangawizi na asali ya Rustaq,
akanigubika shuka: "Vuta mvuke, usitie maneno."
Mimi, mfamasia. Nilivuta.

Jirani wa juu, Sarojini, hushuka alfajiri
kuomba kitawi. Yeye huuita tulasi,
huuinamia kwanza, ndipo auguse.
Mama humtania:
"Wewe waupa shikamoo, mie naula na papa."
Kisha naye hachumi ila kwa bismillahi.

Siku hizi majina yanamtoka
kama funguo kwenye mfuko uliotoboka:
la shangazi Thuwaiba, la mtaa wao Unguja,
langu.
Vidonge vyake navipanga mwenyewe, kwa rangi.
Huniita "bibiye," kwa adabu ya mgeni.

Jana nilipika mchuzi wa papa kwa kukisia,
nikafikicha jani karibu na pua yake.
Akafumba macho.
Nikangoja jina langu.

"Chumvi," akasema, "hujatia.
Na mrehani hutiwa mwisho, sufuria ikishateremshwa.
Nimekufundisha mara ngapi weye?
Mbona wasahau?"