Rimu ya Maharagwe

Niligonga rimu ya nyuma kwa mpini wa nyundo,
ikanijibu kama chungu chenye ufa.
Kutu ilikuwa imekula kutoka ndani,
kimyakimya, pale tyubu ilipolala miaka kumi na tisa,
na kidole changu kikatokea upande wa pili
bila kubisha hodi.

Jawa ya mwaka hamsini na tisa.
Inchi kumi na sita, matundu thelathini na sita.
Namba hizo nilizikariri kama mtu anavyokariri
jina la dawa ya mgonjwa wake,
nikaenda nazo alfajiri ya Aprili
kwenye gulio la vyuma nje ya Hodonín:
uwanja wa mpira, umande umeganda juu ya kabureta,
wanaume wanakunywa supu ya utumbo wakiwa wamesimama.

Kitovu cha gurudumu nilikibeba ndani ya mfuko wa mkate.
Hicho kilikuwa kizima.
Radim, mwenye meza ndefu kuliko zote,
alinipa rimu mpya, kromu inang'aa
hata nikajiona nina nywele chache kuliko nilivyodhani.
Nikahesabu matundu. Arobaini.
Nikahesabu tena, maana bei ilikuwa nzuri.
Arobaini.
"Toboa yako," akasema, "haya uyazibe."
Kizuri chajiuza, ndiyo,
ila hakiulizi kama mnunuzi anakihitaji.

Spoki zilikuja Juni, kwa posta, kutoka Plzeň,
zimeviringishwa gazetini kama samaki.
Thelathini na saba.
Mtumaji ameandika kwa penseli:
"Moja ya ziada, kwa kosa lako la kwanza."

Basi nina kitovu, nina spoki,
nina nipeli kwenye kifuniko cha jamu,
na katikati yao hamna kitu.

Julai nikaenda kumfungia Bi Vlasta bomba lake.
Bustanini, juu ya nguzo, mduara umelazwa bapa,
nyuzi zimeteremka kutoka kila tundu hadi ardhini,
na maharagwe yanazipanda, yamechanua.
Nikasahau bomba.
Nikahesabu nyuzi, nikizunguka nguzo
kama mbuzi aliyefungwa kamba.
Thelathini na sita.

"Ya marehemu," akasema. "Unaitaka?
Subiri maganda yakauke."
Nikamwambia nitamletea nguzo nyingine, nyuzi mpya,
nitayahamisha maharagwe moja moja kwa mkono.
Akanitazama jinsi anavyowatazama kuku wake.
"Maganda yakauke," akasema.

Yalikauka tarehe ishirini na mbili, Septemba.

Tulilifunga gurudumu juu ya meza ya jikoni,
Bohdana binti yangu akinipa nipeli, mimi nikipanga:
moja ya ndani, moja ya nje, ruka matundu matatu, pishana.
Saa nne za usiku lilikuwa limekamilika, zuri,
na tundu la valvu limenaswa chini ya spoki mbili
mahali ambapo pampu haifiki hata kwa dua.
Bohdana alicheka mpaka akaketi sakafuni.
Tukafungua zote. Moja ikapinda.
Nikaichukua ile ya thelathini na saba,
nikamwomba radhi mtu wa Plzeň nisiyemjua.

Kesho yake nikatia beringi, grisi hadi viwiko,
nikapitisha ekseli, nikafunga njiti ya kiberiti ubavuni
igusane na rimu inapozunguka.
Tik. Kaza nusu. Tik. Legeza robo. Tik.
Gurudumu linasema lilipopotoka
ukiwa na subira ya kulisikiliza.
Tik imebaki moja. Nimeiacha.

Katika tundu la kumi na moja kulikuwa na kikonyo,
kikavu, kimejisokota mara mbili na kushika.
Nilikitoa kwa sindano. Hakikutaka.

Rimu yangu ya kutu sasa iko kwa Bi Vlasta.
Amenipigia simu kulalamika:
ina tundu moja kubwa mno,
lenye ukubwa wa kidole,
na uzi haukai.