Sekunde Kumi na Moja

Ukumbi wa Tononoka, viti vya plastiki,
pangaboi moja linazunguka, la pili limesusa.
Wanasoma wasifu wa marehemu Desmond Pellew:
filamu thelathini na mbili,
wachimba makaa wa kwao, vita vya watu,
barafu ya kaskazini, tuzo hadi kabati likajaa.
Kisha wakasema: ya kwanza kabisa aliipiga hapa,
Kilindini, akiwa na miaka ishirini na sita
na kaptura iliyowachekesha makuli.

Taa zikazimwa.

Na huyo babangu.
Gunia la saruji mgongoni, kikoi kimekazwa,
jino la dhahabu bado halijauzwa.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.
Mdomo wake unakwenda, anasema kitu,
lakini juu yake imelazwa sauti ya Kiingereza,
nzito, tulivu kama ya daktari,
ikieleza jasho, subira na hatima ya Mwafrika.

Nikaomba irudishwe.
Kijana wa mashine akanitazama, akairudisha.
Mara ya tatu nikaiacha ile sauti ipite pembeni,
nikasoma midomo, kama nilivyoisoma
alipolazwa Makadara, koo limekwisha.

Babangu hakuwa na habari na hatima.
Alikuwa akisema:
"Mwambieni huyu mtoto asogee,
gunia litamwangukia."

Nyuma ya kamera mtu akasogea.
Picha ikatikisika kidogo.
Ndiyo maana akaishi,
akazipiga zile thelathini na moja.