Vidole Vitatu

Daktari wa Ibra alimwambia Mundhir:
mgongo huu na ardhi, basi, wameachana.
Akarudi nyumbani, hema akalitundika stoo
kama kanzu ya marehemu.
Siku tatu hakutaja mchanga.

Ya nne nikafungua mlango wa nyuma wa Landikruza,
nikalaza viti, nikaingia kwa magoti
na kanga yangu ya kisutu,
maana futikamba aliiazima mkwe wetu Yaarub
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Kutoka kiti cha dereva hadi mlangoni:
kanga moja, shibiri mbili.
Nikaenda kumpima Mundhir, yuko katikati ya koroma:
kanga moja, shibiri mbili, vidole vitatu.
Akafumbua jicho. "Unanipima sanda?"
"Kitanda," nikasema. "Lala."

Viti vya gari vikilazwa havilali.
Kimoja huinua bega, kingine huacha shimo
la kumeza goti la mtu mzima.
Wahenga waliniachia maneno ya ufa na ukuta;
plaiwudi hawakuniachia.
Nikaenda Sanaiya kwa fundi Rafiq,
akakata vipande viwili, bawaba katikati,
akauliza, "Mama, ni meza ya kupigia pasi?"
Nikamwambia ni nyumba.

Godoro nililikata mwenyewe kwa kisu cha mkate,
nikalichonga pembeni, pale magurudumu yanapovimba.
Vioo nikavivisha karatasi ya fedha.
Chandarua kikashikwa na sumaku za friji:
ile ya nanasi, ile ya duka la gesi.
Tochi mkono wa kulia, maji chini ya kiti,
viatu juu ya tairi, nge asije akavijaribu.
Bi Thuwaiba akachungulia juu ya ukuta:
"Mmegombana? Nani anahamia garini?"
"Sote wawili."

Alhamisi tukaingia Ramlat al-Wahiba,
tukapunguza upepo wa matairi, tukapita tuta la pili.
Mundhir akalaza chupa ya maji juu ya plaiwudi.
Ikabingirika kichwani. Akasogeza gari.
Ikabingirika miguuni. Akasogeza.
Mara ya tano chupa ikatulia kama mtoto aliyeshiba.
"Hapa," akasema,
yeye aliyekuwa akilala popote.

Tukajifungia. Akabonyeza ufunguo, mazoea tu.
Saa nane ya usiku akajigeuza ubavu
na gari likapiga yowe!
Taa zikawaka, zikazima, zikawaka,
honi ikapasua matuta,
ngamia wa watu wakasimama,
na mbali huko mwanamume akaita, "Mna nini?"
Yeye anatafuta ufunguo chini ya godoro,
mimi natafuta ushungi,
kiwiko chake kwenye sikio langu.
Kisha kimya, kikubwa kuliko cha mwanzo,
na tukacheka mpaka bawaba za Rafiq zikalia.
Gari lilidhani sisi wezi.
Sijui. Kwa umri ule, usiku ule,
labda kuna kitu tulikuwa tunakiiba.

Alfajiri vioo vilikuwa vimeloa pumzi zetu,
matone yananidondokea shingoni.
Sikuacha dirisha wazi hata kidogo.
Kumbe upo ufa usiotakiwa kuzibwa.
Mundhir alikuwa amelala mshazari,
miguu yake yote upande wangu,
mgongo wake kimya, kwa mara ya kwanza tangu Safari.
Akaamka, akabandua karatasi ya fedha,
akaandika kiooni kwa kidole, polepole,
kama anayetia sahihi benki:
vidole vitatu.
Herufi zikaanza kuteremka.
Nami nikateremka, pekupeku,
kutafuta viatu juu ya tairi.